Bado Inalodi

Mama yake alikataa kiti. Aliweka simu mezani kwangu, akaisukuma kwa ncha ya kidole kama mtu anayesogeza sufuria ya moto, akasema, "Mwalimu, soma wewe. Mimi nimeshindwa kufika mwisho."

Simu ilikuwa ya binti yake wa miaka 15, mwanafunzi wa darasa ninalolilea. Kilichofunguliwa kilikuwa grupu la darasa, lile lile tulilolianzisha sisi walimu ili watoto waulizane kazi za nyumbani. Lina watu 43. Mwanzoni nami nilikuwemo, nikajitoa baada ya wiki mbili kwa sababu simu ilikuwa hailali na mimi nataka kulala. Nilijiambia watoto wameshakua, watajiongoza.

Cha kwanza nilichokiona ni stika. Uso wa yule binti, macho ameyafumba kwa kukaza, mdomo nusu wazi, na kwenye paji la uso amebandikwa kile kiduara kinachozunguka simu inapotafuta mtandao. Chini yake herufi kubwa: BADO INALODI.

Binti huyu ana kigugumizi. Si kile cha kurudia neno mara moja moja. Chake humkamata kwenye silabi ya kwanza na kumng'ang'ania, naye hufumba macho akipambana nacho. Aliyempiga picha ile aliingoja sekunde hiyo hiyo.

Nikaendelea kupandisha ujumbe. Mtu akichelewa kujibu, stika. Mtandao ukiwa mzito, stika. Siku binti mwenyewe alipouliza swali la hesabu, stika 11 mfululizo, na swali halikujibiwa. Kisha sauti: kipande cha sekunde 26 kilichorekodiwa darasani akisoma, silabi zake zimekatwakatwa na kupangwa juu ya mdundo. Watu waliisifia, na kusema kweli ilikuwa imetengenezwa kwa ustadi. Kisha akaunti yenye jina lake na picha yake, ambayo hakuifungua yeye, ikiandika kila siku sentensi moja yenye herufi zilizorudiwarudiwa. Wiki tatu nzima. Nilisoma kwa saa moja hivi, na katika yote yale nilikuta pingamizi moja tu. Mtu aliandika "jamani", kwa herufi ndogo, bila nukta. Ujumbe uliofuata ulikuwa stika.

"Leo siku ya nne haji shule," mama alisema. "Nikimwuliza anasema tumbo."

Kila mwalimu ana orodha yake kichwani, hata yule anayeapa kuwa hana. Mimi nilikuwa na majina mawili kabla mama hajafika getini. Wavulana wa nyuma, wagomvi, wale ambao ukisikia kioo kimevunjika unawatafuta wao kwanza. Mmoja alikuwa ameshapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu mara mbili muhula ule kwa kupigana. Nilimwita, nikamkalisha, nikaanza kuzungumza kwa sauti ya mtu ambaye tayari anajua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatoa simu yake, akapandisha ujumbe bila haraka, akanionyesha. "Jamani" ile ilikuwa yake.

Nilimwomba radhi. Akasema si neno, amezoea.

Baada ya hapo tuliwaita mmoja mmoja, mimi na mwenzangu wa ushauri nasaha, kwa muda wa siku tatu, na mwishowe tukakuta jambo lina mikono mitatu. Sitawapa majina hata ya bandia. Nimejaribu, na kila jina ninaloandika linaniletea sura ya mwanafunzi mwingine asiyehusika. Nitawaita Msanii, Katibu na Dogo.

Msanii ndiye aliyetengeneza stika na ile sauti. Ni mvulana anayependwa hata na walinzi. Akiingia mahali watu huanza kutabasamu kabla hajasema lolote. Hafikiri mara mbili, na mara nyingi hata hiyo moja haifiki: wazo likimjia kichwani, limeshakuwa mkononi, limeshatumwa. Nilimwuliza alijisikiaje alipomaliza kutengeneza ile sauti. "Raha, Mwalimu. Ilitoka safi." Hakuwa akimzungumzia binti hata kidogo, alikuwa akiuzungumzia mdundo. Nikampa asome mistari michache ambayo binti alikuwa amemwandikia mama yake usiku mmoja, na mama alikuwa ameturuhusu. Aliisoma, akaomba airudie, kisha akalia kilio kibaya, cha makamasi, kama mtoto wa miaka sita. Nimeshuhudia machozi mengi ya kuigiza ofisini mle. Yale hayakuwa ya kuigiza.

Katibu alikuwa katibu wa darasa kwelikweli. Daftari zake ungeweza kuzipeleka kiwandani zikachapwe. Salamu zake zimenyooka, hajawahi kuchelewa, na katika grupu hakuandika hata neno moja baya. Ndiye aliyefungua akaunti ya bandia. Ndiye aliyemwambia Msanii, kwa ujumbe wa pembeni, kwamba stika ingenoga zaidi kiduara kikikaa kwenye paji la uso. Ndiye aliyejua kwamba binti hukosa usingizi jioni ya kuamkia mtihani wa kuzungumza, na jioni hiyo akaunti iliandika mara tatu. Kwenye simu yake kulikuwa na folda ya skrinishoti zilizopangwa kwa tarehe, zikionyesha nani aliandika nini. Aliziweka kama akiba, ikitokea siku ya kuulizwa. Siku ilipotokea, alinifungulia folda mwenyewe. "Mimi sikumtukana, Mwalimu. Unaweza kuangalia."

Sababu yake ilikuja baadaye, na haikutoka kwake. Watu wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba, na binti huyu akiimba hutajua kama kuna neno lililowahi kumshinda. Mwalimu wa kwaya alikuwa amempa sehemu ya kuimba peke yake. Kwa miaka miwili sehemu hiyo ilikuwa ya Katibu.

Aliyenitatiza kuliko wote ni Dogo. Mvulana mwembamba, mwoga, anayekaa karibu na mlango. Ukihesabu, yeye ndiye aliyetuma ujumbe mwingi zaidi, mwingi wake baada ya saa 5 usiku, na maneno yake ndiyo makali kuliko ya wote. Mwaka uliotangulia stika ilikuwa ya uso wake yeye. Walimwandama karibu muhula mzima kwa sababu ya suruali iliyomwishia juu ya kifundo, na hakuna mwalimu aliyejua. Nilimwuliza inakuwaje amfanyie mwenzake kitu ambacho uchungu wake anaujua. Alitazama viatu vyake muda mrefu. Kisha akasema, "Wakiwa kwake, hawawi kwangu."

Usiku wa siku hizo nilisoma kuliko nilivyosoma chuoni. Wanasaikolojia wengi huipima haiba ya mtu kwa mizani mitano: uchangamfu, upole kwa wengine, uwajibikaji, wepesi wa kupata wasiwasi, na uwazi wa fikra. Mwaka 2002 Delroy Paulhus na Kevin Williams, watafiti wa Kanada, waliziweka pamoja tabia nyingine tatu na kuziita utatu wa giza. Ya kwanza ni ile ya kujiona na kutaka kusifiwa. Ya pili ni ujanja wa kuwatumia watu kama kete, iliyopewa jina la Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia. Ya tatu ni ubaridi wa moyo unaokwenda pamoja na pupa. Baadaye Paulhus na wenzake wakaongeza ya nne: kufurahia maumivu ya mwingine katika mambo ya kila siku. Tafiti nyingi zimekuta kwamba vijana wenye alama za juu kwenye hizi, au za chini kwenye upole na kujidhibiti, ndio wanaokiri zaidi kuwaonea wenzao mtandaoni.

Nilijiona nimeokota ufunguo. Nikachukua karatasi, nikapiga mistari, nikaanza kuwagawia watoto wangu safu. Katibu akaingia kwenye ya Machiavelli bila kusukumwa. Msanii nikamweka chini ya kukosa kujidhibiti. Nilipofika kwa Dogo kalamu ikasita. Sikuona safu ya mtoto mpole, mwenye wasiwasi, anayepiga kwa sababu aliwahi kupigwa. Ukweli ni kwamba kundi hilo linajulikana vizuri katika utafiti, na ni kubwa: wanaoonea mtandaoni na wanaoonewa mara nyingi ni watu wale wale kwa zamu. Lakini mimi nilikuwa ninatafuta wabaya, kwa hiyo nilikuwa nimeusoma ukurasa ule haraka haraka.

Karatasi ile ilikuwa na kasoro nyingine. Vipimo hivi hupima kiwango, kama urefu. Hakuna alama ukutani inayosema hapa wafupi wameisha, wanaanza warefu. Kila mmoja wetu ana kipande cha ujanja na kipande cha ubaridi. Tena vingi vya vipimo hivyo hutokana na dodoso ambalo kijana hujijazia mwenyewe, na mtu kama Katibu hujaza dodoso jinsi anavyoandika daftari. Na kijana wa miaka 15 hajaiva. Upole na uwajibikaji huonekana kuporomoka mwanzoni mwa ujana, kisha hupanda tena wakikua. Ukimwandikia mtoto wa umri huo neno "katili" kwenye faili, unampiga picha akiwa katikati ya kupiga chafya.

Kilichonikalisha macho ni kitu kingine. Mwaka 2014 Robin Kowalski na wenzake walikusanya tafiti 131 za uonevu wa mtandaoni na kuzichambua kwa pamoja. Yaliyofungamana zaidi na kuonea yalikuwa mawili: imani kwamba ukali kwa wenzako ni jambo la kawaida, na ule uhodari wa kujivua hatia ambao mwanasaikolojia Albert Bandura alitumia miaka mingi kuueleza. Bandura alizitaja njia zake moja moja. Kulipa jambo jina laini. Kulinganisha na baya zaidi. Kuitawanya lawama mpaka kila mtu abaki na punje. Kumlaumu aliyeumia. Nilirudi kwenye maelezo tuliyoyaandika ofisini nikakuta zote, kwa maneno ya watoto: "Ni utani tu." "Kuna madarasa wanafanya makubwa." "Wote walituma." "Angesema hapendi." Na moja iliyosemwa na wanafunzi tisa tofauti, karibu kwa maneno yale yale: "Mbona yeye mwenyewe alicheka."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinikera kuliko zote, na kukereka kwangu kulikuwa na sababu ambayo bado sikuwa nimeijua.

Niliijua Ijumaa. Nilikuwa ninamalizia na Msanii, ninaandika, nikamwuliza bila kuinua kichwa: hili neno "inalodi" mlilitoa wapi? Hakujibu. Nikainua kichwa. Alikuwa ananitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake na baba mwenyewe.

"Si wewe, Mwalimu?"

Ilikuwa baada ya mapumziko, joto kali, watoto wanasinzia. Binti alikuwa anasoma aya kwa sauti, akakwama. Kimya kikarefuka. Nami ni mtu ninayependa darasa langu lichangamke. Nikasema, "Mvumilieni, bado inalodi." Darasa likalipuka. Naye alicheka. Nakumbuka nilimtazama kuhakikisha, nikamwona anacheka, nikaridhika.

Kwenye karatasi yangu nilisahau safu moja. Mtu anayependa kuchekesha, ambaye neno humtoka kabla hajaliangalia, anayeishi kwa kicheko cha waliomzunguka. Huyo ni Msanii, na ni mimi nikiwa na mshahara. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na kitufe cha kutuma. Utani wangu ungekufa pale pale darasani kama utani mwingi unavyokufa, isipokuwa safari hii kulikuwa na mtu mwenye simu na mkono mwepesi.

Nitasema kwa ufupi tulichokosea, kwa kuwa tulikosea mengi na mengine hayana maana tena. Jumatatu, kabla sijajua habari ya Ijumaa, nilikuwa nimelikusanya darasa zima na kulihutubia dakika 40 juu ya utu. Jioni hiyo hiyo ilitoka stika mpya: mimi, kidole juu. Mwalimu wa nidhamu naye alishikilia kwamba Msanii alitengeneza stika mara moja tu, na tendo la mara moja haliitwi uonevu. Hoja yake ina mizizi. Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni katika nchi za Skandinavia tangu miaka ya 1970, aliweka mambo matatu: uwe wa makusudi, ujirudie, na mwenye kuonea awe na nguvu kuliko anayeonewa. Lakini Olweus alianzia kwenye viwanja vya shule, ambako mkono ukitaka kupiga tena sharti unyanyuke tena. Stika hainyanyuliwi. Msanii aliitengeneza mara moja, watu 40 wakairudia kwa niaba yake, yeye akiwa amelala. Tulibishana juu ya hilo nusu siku.

Kosa letu kubwa lilikuwa kutaka kuwakutanisha. Sisi tuliolelewa kwa kupatanishwa huamini kwamba watu wakikaa uso kwa uso, jambo huisha. Nilikwenda nyumbani kwao nikampelekea binti wazo hilo kama zawadi. Alikuwa na karatasi mapajani, kwa sababu siku hizo alikuwa amegoma kabisa kusema. Aliandika, akanigeuzia:

"Sitaki wanione nikikwama kusema kwamba nimeumia."

Nikabaki na mwandiko ule. Kisha nikamwuliza kitu ambacho Katibu alikuwa amekitumia kujitetea: kwamba kwenye grupu binti naye alikuwa akiwatania wenzake. Nilikuwa nimepandisha ujumbe hadi mwanzo, miezi kabla ya stika, na ni kweli. Alikuwa mcheshi. Alikuwa na majibu ya papo kwa papo, mafupi, yanayochoma kidogo bila kuumiza, na watu walikuwa wakiyasubiri. Kuna siku alimjibu Msanii kwa maneno manne tu na grupu likacheka mpaka usiku. Nilikuwa nimemfundisha mwaka na nusu bila kujua kwamba nina mcheshi mwingine darasani.

Alichukua muda kuandika jibu.

"Kule nilikuwa sikwami."

Hapo ndipo nilipoelewa walichomfanyia, na nina hakika Katibu alikielewa kabla yangu. Mdomoni alikuwa mtu wa kusubiriwa. Vidoleni alikuwa wa kwanza. Lilikuwepo pembe moja ambako alizungumza kama watu wote, na wao wakaenda kukibandika kigugumizi chake hapo hapo, kwenye maandishi, ambako hakikuwahi kuwepo. Zile sentensi za akaunti ya bandia zenye herufi zilizorudiwarudiwa zilikuwa zinaandika kitu ambacho yeye hakuwahi kukiandika.

Watu husema mnyanyasaji ni mtu asiyeweza kujiweka mahali pa mwenziwe. Kwa Msanii, naam. Mtu wa namna yake akikuona usoni huacha. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler aliandika juu ya jinsi breki za mtu zinavyolegea akiwa mtandaoni: haonekani, hatazamwi machoni, jibu linakuja baadaye au haliji. Msanii ni mfano hai wa maelezo hayo. Lakini Katibu alijiweka mahali pa mwenziwe barabara. Alijua panapouma, na saa ambayo panauma zaidi. Kujua maumivu ya mtu na kuumizwa nayo ni mambo mawili, na watafiti huyapima mbalimbali. Yeye la kwanza alikuwa nalo kuliko mimi.

Kwa hiyo ile hotuba ya utu, ya "jiulize ungekuwa wewe", haikumgusa hata mmoja wao. Msanii hakuihitaji tena, alikuwa ameshalia. Dogo hakuhitaji kujiuliza angekuwa yeye, maana alishakuwa. Katibu aliisikiliza huku akiniandikia muhtasari.

Tukaamua kila mmoja na njia yake. Msanii tulimpa kazi ya kuifuta stika. Si kwake, hapo ni sekunde mbili. Aende kwa kila mtu aliyenayo, mmoja mmoja, amwombe aifute mbele yake. Alidhani ni kazi ya siku moja. Siku ya tatu alikuja akiwa amenyong'onyea: imekutwa kwenye magrupu manne asiyoyajua, moja la watu wazima. "Mwalimu, kuna mama mmoja ananiuliza huyu ni nani, kwani yeye huwa anaituma kila siku kanisani wakichelewa kuanza." Aliendelea wiki mbili. Sijui adhabu ipi ingemfundisha zaidi, na sikumtungia sentensi hata moja ya mawaidha.

Dogo tulirudi naye kwenye yale ya mwaka uliotangulia. Mwenzangu wa ushauri nasaha alikaa naye kila wiki, na kwa vikao vitatu vya mwanzo hawakumgusia binti kabisa, walizungumza suruali. Nilimwona mwenzangu anapoteza muda. Kikao cha nne Dogo mwenyewe ndiye aliyemtaja.

Katibu tulimwekea mipaka. Akaunti ilifungwa mbele ya wazazi wake, ukatibu ukaondoka, na akaelezwa wazi kwamba tutaangalia, mara ngapi na kwa muda gani. Aliyapokea yote kwa adabu. Aliandika barua ya kuomba radhi, ukurasa mmoja na nusu, na nikisema haikuwa na kosa hata moja la koma msidhani ninatia chumvi. Binti aliisoma, akanirudishia. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa penseli: "Hii si ya kwangu. Hii ni ya kwenu." Wazazi wa Katibu hawakuona tatizo la barua. Mimi naliona, lakini sikuwa na la kufanya, na bado sina. Yupo mtu wa kuzungumza naye kila mwezi. Anahudhuria bila kukosa.

Na mimi. Nilimwambia binti kwamba neno lilitoka kinywani mwangu, nikidhani ninamfichulia siri. Alinitazama tu. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, alikuwepo. Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akaandika: "Sema darasani kwamba ni wewe. Mimi nikiwepo. Usiniite jina."

Mama yake, aliyekuwa amenyamaza muda wote mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, si kwa hasira, "Mzaha mzaha, Mwalimu." Hakumalizia. Methali hiyo kila mtu anaimalizia mwenyewe: hutumbuka usaha.

Nilisema Jumatano, kipindi cha kwanza. Nilikuwa nimejiandalia maneno na yote yakapotea. Nilisema neno lile ni langu, kwamba nilimcheka mtu kwa jinsi anavyozungumza, kwamba nilifanya hivyo ili darasa licheke nami nifurahi, na kwamba waliofuata walifuata nyayo zangu. Kimya. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kile kicheko cha asiyejua afanye nini na uso wake. Binti hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Nilipogeuka ubaoni mkono ulikuwa unatetemeka, nikaandika tarehe ya siku nyingine.

Grupu lilifutwa, likafunguliwa jipya, nami sijitoi tena. Mwezi wa kwanza binti hakuandika chochote. Kisha siku moja Msanii alituma picha ya jibu la hesabu, kakosea hatua ya pili. Baada ya dakika moja likaja jibu la binti, maneno matatu, na watu wakacheka. Nilisoma mara mbili kuhakikisha wanacheka nini. Kilikuwa kichekesho halali. Siwezi kukiandika hapa bila kukiharibu.

Darasani bado anakwama. Akikwama, mimi hutazama kitabu changu na kuhesabu kimoyomoyo ili nisifungue mdomo.

Juzi nilikuwa ninasimamia darasa la chini, watoto wa miaka 13 ambao hawajawahi kumwona binti huyu kwa karibu. Mmoja alikuwa na simu chini ya meza. Nikamnyang'anya, ndiyo kazi yangu. Kioo kilikuwa bado kinawaka, na pale katikati, kwenye mazungumzo juu ya mwenzao aliyechelewa uwanjani, nikauona ule uso: macho yamefumbwa, mdomo nusu wazi, kiduara kwenye paji.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza.

Akaitazama, kisha akanitazama mimi, akitafuta mtego uko wapi.

"Si mtu, Mwalimu. Ni stika tu."